Mtazamaji Hakuwa na Hatia

Mwaka 1976 mwongozaji Sidney Lumet alitoa filamu ya Network, iliyoandikwa na Paddy Chayefsky, na tangu hapo kila anayezilalamikia taarifa za habari za televisheni huiita kuwa shahidi wake. Kisa kinahusu kituo cha kubuni cha UBS huko New York, kinachoshika mkia miongoni mwa vituo vikubwa vya Marekani. Msomaji wake wa habari wa miaka mingi, Howard Beale, anaambiwa kazi imekwisha kwa sababu watazamaji wamepungua. Anakaa mbele ya kamera na kutangaza kwamba atajiua hewani. Wakubwa wanahamaki, kisha zinaletwa hesabu za watazamaji, na hasira inageuka kuwa tamaa. Mkuu wa vipindi, Diana Christensen, anamfanya mtu huyu aliyevurugikiwa akili kuwa nabii wa kila jioni, anamwekea mtabiri pembeni, na kwingineko anaandaa kipindi kutokana na mikanda ya kundi la wanamgambo wanaopora benki. Hesabu zinaposhuka, wakubwa wanakutana kwa utulivu kabisa na kuamua Beale apigwe risasi studioni. Filamu ilipata tuzo nne za Oscar; moja ilikwenda kwa Peter Finch aliyeigiza Beale, ambaye alifariki Januari 1977, kabla ya tuzo kutolewa.

Somo ambalo wengi huondoka nalo ni kwamba habari huharibika pale watazamaji wanapohesabiwa: umma unapenda vurugu, kituo kinaupa vurugu, na ukweli unakosa mnunuzi. Usomaji huo unaruka sehemu nzito ya filamu. Beale anawachochea watazamaji wapinge mpango wa kampuni mama ya kituo kununuliwa kwa fedha za Saudia, na mpango unakwama. Mkuu wa kampuni hiyo, Arthur Jensen, anamwita kwenye ukumbi wa mikutano na kumhubiria kwamba duniani hakuna mataifa wala watu, kuna mzunguko wa fedha tu. Beale anarudi hewani na mahubiri ya Jensen, watazamaji wanamchoka, hesabu zinaporomoka, lakini Jensen anakataa katakata aondolewe. Kwa hiyo hata ndani ya filamu hesabu ya watazamaji ni karani tu. Mwenye kauli ni mwenye mali. Hoja ya makala hii ni kwamba historia ya televisheni ya Tanzania, hasa ikisomwa kutoka wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, inamhusu Jensen kuliko Diana. Habari nzito zilipopewa nafasi, watu walizifuatilia. Kilichoziondoa kilikuwa uamuzi wa wenye mamlaka, wala si uchovu wa mtazamaji.

Televisheni ilichelewa kufika bara, na aliyeichelewesha ni mtu wa Mara. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya rangi mwaka 1973, kwa mpango ulioasisiwa wakati wa Abeid Karume, huku Kenya na Uganda zikiwa na televisheni tangu miaka ya 1960. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliiona kuwa anasa ya wachache wa mijini katika nchi ambayo vijiji vyake havikuwa na maji wala umeme, na akashikilia redio. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango, na mwaka 1994 wafanyabiashara wakaingia: ITV ya Reginald Mengi, DTV na CTN. Televisheni ya taifa ilifuata baadaye ikiitwa TvT, kisha ikawa TBC. Kanda ya Ziwa ilipata sauti yake kutoka Mwanza, kupitia Redio Free Africa na Star TV za Anthony Diallo. Mpangilio huo ulikuwa na maana kubwa. Kwa sehemu kubwa ya dunia televisheni ya serikali ilitangulia na ya biashara ikafuata. Tanzania bara ilianza na ya biashara, kwa leseni ya serikali. Tangu siku ya kwanza kituo kilikuwa na mabwana wawili: mwenye tangazo la sabuni na mwenye leseni. Mtazamaji alikuwa wa tatu, na hakuwa na njia ya kuwafikia hao wawili isipokuwa kwa kuhesabiwa.

Naye alihesabiwa vibaya. Katika Network kuna takwimu za usiku mmoja zinazofika mezani asubuhi. Hapa kwetu, kwa miaka mingi, hesabu ilitokana na tafiti za kampuni za soko: mdadisi anakwenda kwenye kaya iliyochaguliwa na kumuuliza mtu jana alitazama nini, saa kwa saa. Baadaye, kuanzia miaka ya 2010, maswali yakaanza kutumwa kwa ujumbe wa simu. Njia zote mbili zinamwona kwa urahisi mwenye seti sebuleni, mwenye umeme, mwenye simu yenye chaji. Fikiria basi utazamaji wa kata ya Bomani mjini Tarime, au wa Mugumu, makao makuu ya Serengeti, ulivyokuwa katika miaka hiyo. Seti moja ilikuwa ya watu wengi: ya hoteli ya chai, ya baa, ya kibanda umiza chenye benchi za mbao, giza la mabati na ubao mlangoni wenye orodha ya mechi iliyoandikwa kwa chaki. Mlipaji wa kiingilio kibandani haonekani kwenye hesabu ya kaya. Disemba 2012 mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia, king'amuzi kiliongeza gharama nyingine kati ya mtazamaji na picha. Kwa mwuza matangazo, watu wa Tarime hawakuwa soko la kugombaniwa. Hilo peke yake linaleta shaka juu ya madai kwamba ladha yao ndiyo iliyoharibu habari: huwezi kuharibiwa na ladha ya mtu usiyemhesabu.

Ushahidi wa ladha hiyo tunao kwa njia nyingine. Agosti 2007 mbunge wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, aliwasilisha hoja bungeni Dodoma akitaka uchunguzi kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ambao Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alikuwa ameusaini London mwezi Februari mwaka huo. Bunge lilimsimamisha Zitto. Vikao vilikuwa vikirushwa moja kwa moja, na mjadala ukatoka bungeni ukaingia mitaani. Mikutano ya wapinzani ikafurika. Kwa Tarime jambo hili halikuwa la mbali. Kampuni iliyosaini mkataba wa Buzwagi, Barrick, ndiyo iliyokuwa mmiliki wa mgodi wa North Mara ulioko Nyamongo, na mbunge wa Tarime, Chacha Wangwe, alitoka chama kile kile cha Zitto, Chadema. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na akamweka Zitto ndani yake. Kazi ya kamati hiyo ilichangia kupatikana kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Rais hajibu kwa kamati mjadala ambao hakuna aliyeutazama.

Miezi michache baadaye likaja kubwa zaidi. Tarehe 6 Februari 2008 Dk. Harrison Mwakyembe alisimama bungeni kusoma ripoti ya kamati teule kuhusu Richmond, kampuni iliyopewa zabuni ya umeme wa dharura mwaka 2006. Ukiitazama kama mtayarishaji wa vipindi, ripoti ile haina mvuto hata kidogo: tarehe za barua, vikao vya zabuni, majina ya kampuni, vifungu vya sheria ya ununuzi, mapendekezo yenye namba. Hakuna mtabiri wala bastola. Kesho yake, Februari 7, Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu, na Karamagi yule yule akajiuzulu pamoja na Waziri Ibrahim Msabaha. Baraza zima likavunjwa. Taifa liliyaona haya yakitokea, na kwa muda mrefu baadaye vijiwe vya nchi nzima viliyajadili kwa majina na vifungu. Kama ungetaka kumthibitishia Diana Christensen kwamba ripoti ya kamati inaweza kuwa kipindi, huo ndio ushahidi wako. Wangwe hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alifariki katika ajali ya gari mkoani Dodoma Julai 2008, na uchaguzi mdogo wa Oktoba ukakirudishia Chadema kiti cha Tarime. Mwaka 2015, baada ya jimbo kugawanywa, Esther Matiko akashinda Tarime Mjini, ambako Bomani imo, John Heche akashinda Tarime Vijijini, na Marwa Ryoba Chacha akashinda Serengeti. Wote watatu walikuwa wa upinzani.

Ndipo Januari 2016 Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alipolieleza Bunge kwamba TBC haitarusha tena vikao moja kwa moja. Alitoa sababu mbili: gharama, ambayo aliitaja kuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na kwamba saa za vikao wananchi wako kazini. Badala yake kungekuwa na kipindi cha usiku cha dondoo zilizorekodiwa. Wabunge wa upinzani waligoma kunyamaza, kikao kikavurugika, na polisi wakaingia ukumbini. Sababu za Waziri zinastahili kujibiwa kwa haki. Gharama ya kurusha ni ya kweli, na shirika la umma lina wajibu wa kubana matumizi. Pia kuna hoja ambayo watetezi wa uamuzi ule waliikazia, na ambayo Chayefsky mwenyewe angeielewa: kamera humgeuza mbunge kuwa mwigizaji, akatafuta makofi ya nyumbani badala ya kujenga hoja. Hilo lilitokea, na kila aliyefuatilia Bunge la miaka hiyo anaweza kutoa mifano. Lakini dawa ya uigizaji si kumwachia mtu wa tatu akachague dondoo. Dondoo ndizo zinazopendelea kelele. Kikao kizima ndicho kinachomwonyesha mbunge aliyepiga kelele asubuhi akiwa hana takwimu mchana. Isitoshe, kati ya waliopoteza zaidi ni wapiga kura wa majimbo kama yale matatu, waliomtuma mbunge wa upinzani Dodoma na sasa hawakuweza kumwona akifanya kazi.

Hoja ya gharama ilipata jibu mwaka uliofuata, na jibu likatoka serikalini kwenyewe. Tarehe 24 Mei 2017 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilimkabidhi Rais John Magufuli ripoti juu ya makinikia, mchanga wenye dhahabu na shaba uliokuwa kwenye makontena 277 yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam. Tarehe 12 Juni ikafuata kamati ya Profesa Nehemiah Osoro. Hafla zote mbili zilirushwa mubashara kutoka Ikulu, saa za kazi. Siku ya ripoti ya kwanza Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, mbunge wa Musoma Vijijini, alipoteza kazi. Yalikuwa matangazo yenye uzito, na watu walijazana kuyatazama, jambo linalothibitisha tena kwamba kiu ya habari za mali ya nchi haikuwa imekauka. Tofauti yake na Richmond ni kwamba safari hii hakuna aliyesimama kuuliza swali. Na swali lilikuwepo. Makinikia yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi. North Mara hutoa matofali ya dhahabu ghafi. Kwa hiyo katika mchana ule wote wa televisheni, malalamiko ya Nyamongo hayakuwa sehemu ya hadithi: fidia ya ardhi, maji ya mto Tigithe yaliyozua taharuki mwaka 2009, na watu watano waliouawa kwa risasi mgodini Mei 16, 2011, tukio ambalo mbunge wa Chadema, Tundu Lissu, alikamatwa Tarime alipokwenda kulifuatilia. Bungeni, mbunge wa Tarime angeweza kuyaingiza kwenye mjadala huo huo wa dhahabu. Ikulu hapakuwa na kiti chake.

Mtu anaweza kusema kwamba hizo ni habari za siasa, na kwamba ugonjwa anaousema Chayefsky utafutwe kwenye umbea. Twende huko huko. Usiku wa Machi 17, 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia studio za Clouds Media akiwa na askari wenye silaha. Jambo lenyewe lilihusu kipindi cha Shilawadu, kipindi cha udaku cha Clouds TV, na mkanda uliomchafua mchungaji maarufu. Hapa ndipo filamu inapogeuka kichwa chini miguu juu. Kwa mantiki ya Network, watangazaji wa udaku wangeupokea mkanda ule kwa mikono miwili, kwa kuwa ulikuwa na kila kitu ambacho hesabu ya watazamaji hukipenda. Lakini waandaaji walikuwa wameuzuia kwa sababu upande wa pili haujasikilizwa, na aliyetaka urushwe ni kiongozi wa serikali. Nape, yule yule aliyeondoa Bunge hewani, aliunda kamati iliyothibitisha uvamizi. Machi 23 akaondolewa uwaziri. Alipojaribu kuzungumza na waandishi siku hiyo nje ya hoteli jijini, mtu mmoja aliyevaa kiraia alichomoa bastola na kumwamuru arudi garini, kamera zikiwa zinamtazama. Aliyeteuliwa kushika nafasi yake alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, ambaye mwaka 2008 taifa lilimtazama akisoma ripoti ya Richmond.

Pingamizi zito zaidi kwa hoja hii ni Loliondo. Mapema mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, akisema kinaponya kisukari, UKIMWI na mengineyo. Vyombo vya habari viliibeba habari hiyo kila siku, na foleni ya magari ikafika kilometa nyingi. Waliotoka Kanda ya Ziwa walikatiza Mara na kuvuka Serengeti. Wagonjwa walikufa foleni, na Machi mwaka huo Mwasapila mwenyewe aliomba wapya wasubiri kwanza waliopo wahudumiwe. Je, huyu si mtabiri wa Diana Christensen, na umati wake si ule ule? Nakubali kwamba hapa televisheni ilifuata watu badala ya kuwaongoza, na kwamba picha ya foleni iliuzika kuliko swali la kitaalamu juu ya dawa. Lakini aliyekwenda Samunge hakwenda kuburudika. Alikwenda kwa sababu hospitali ilimshinda kwa bei au kwa umbali, na alipowaona mawaziri na viongozi wa vyama nao wakinywa kikombe kwenye taarifa ya habari, alihesabu kuwa amepata uthibitisho. Umma ulitaka kujua dawa inaponya au haiponyi. Kumwonyesha waziri akinywa ni kukwepa jibu, na ukwepaji huo ulifanywa na watu wenye nafasi ya kujua.

Mifano ya majirani inaelekea upande huo huo. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari kuna nchi ambako ushindani wa watazamaji ni mkali kuliko wetu, na vituo hujitangaza kwa nafasi zao kwenye chati. Hata hivyo Januari 30, 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, serikali ya Kenya ilizima Citizen, KTN na NTV, na vilibaki gizani kwa siku kadhaa hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru virudishwe. Kuwa na watazamaji wengi hakukuvilinda, ndiko kulikoviponza. Rwanda ilitoa somo chungu zaidi. Redio RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ilivutia wasikilizaji kwa muziki wa Kikongo na mazungumzo ya utani wakati redio ya taifa ikiwa imekakamaa, na mwaka 1994 ikautumia umaarufu huo kuchochea mauaji ya kimbari. Waanzilishi wake walikuwa watu wa karibu na utawala. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani baadhi yao mwaka 2003. Wasikilizaji waliutaka muziki. Sumu iliongezwa na waliokuwa na redio.

Kwa hiyo Network ibaki kuwa filamu kubwa, lakini tuisome mpaka kwenye chumba cha Jensen. Ukimlaumu mtazamaji, unampa mwenye mamlaka kisingizio kizuri: atasema anazuia habari nzito kwa kuwa watu hawazitaki, na anapitisha nyepesi kwa kuwa watu wanazipenda. Kumbukumbu za Tanzania zinapinga vyote viwili. Mwaka 2007 na 2008 watu walitazama mikataba na ripoti, mwaka 2017 walitazama makinikia, na waliokatalia mkanda wa udaku walikuwa waandaaji wa udaku. Wanaopanga vipindi na wanaotunga sera wana kazi mbili zisizohitaji utafiti mpya. Kwanza, wahesabu watazamaji wa Bomani, Mugumu na Nyamongo pale wanapotazamia hasa, kibandani na hotelini, badala ya kukadiria nchi nzima kutoka sebule za jijini. Pili, kikao chochote kinachoamua mali ya umma kirushwe kizima, pamoja na maswali yake, hata pale maswali hayo yanapomkera mwenye leseni. Mwananchi akipewa hayo halafu akayapa kisogo, hapo tutakuwa na haki ya kumlaumu. Mpaka leo hajawahi kupewa nafasi hiyo kwa muda mrefu wa kutosha ili ashitakiwe.